Nilikwambia Nakili, Sikukwambia Fumua

Mwanaidi, mama yangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, nimekusikia asubuhi hii ukigombana na zipu ya begi. Ya kwangu utaiona mwenyewe kwenye mwandiko. Umekwenda Buguruni kumuaga shangazi yako, na shangazi akishaanza kuongea hutoki kabla ya saa kumi. Mama yako yuko jikoni anakaanga vitu vya safari. Mimi nimekuja kibarazani kwenye cherehani yangu. Ni Jumapili, Kariakoo imepoa kidogo, na nakuandikia kwenye karatasi ya kaki, hii ya kukatia pateni, kwa hiyo usishangae ukubwa wake.

Kesho alfajiri unapanda basi la Mbeya kwenda chuo. Mambo ya kula, kulala, kuchunga simu na kuangalia nani kakaa karibu yako, mama yako ameshakwambia, atakwambia tena jioni, na stendi atarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikwepa tangu siku ya ule usaili wako wa ufadhili. Linahusu kiapo chako.

Uliporudi siku ile ulivua viatu, ukakaa hapa kwenye kigoda, ukasema, "Baba, naapa, sifungui tena kodi ya mtu mwingine maisha yangu yote." Nikaendelea kushona kama mtu ambaye hajasikia, na nilikuwa nimesikia vizuri sana. Kiapo kile nilikisababisha mimi, ndiyo maana leo nimekaa na kalamu badala ya mkasi.

Neno lenyewe, kodi, unakumbuka lilivyotugombanisha mara ya kwanza. Ulikuwa kidato cha tatu, una ile kompyuta ya mtumba aliyokupatia Massawe wa duka la simu hapa jirani, na nikakusikia unamwambia rafiki yako, "Mimi kodi za watu siangalii." Nikakuita pembeni nikakuuliza umefungua bahasha ya nani, kwa sababu kodi niliyoijua mimi ilikuwa ya pango. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukanieleza kwamba kodi ni maandishi ambayo mtu anaiandikia kompyuta ili ijue la kufanya, na kwamba wewe unaandika ya kuifundisha kucheza chesi. Ukasema zipo nyingi zilizoandikwa na wataalamu wakubwa, ziko wazi, yeyote anaweza kuzisoma, ila wewe hutaki. "Nataka nione kichwa changu kinafika wapi," ulisema.

Nilikuona mbishi, sikufichi. Lakini nilikuacha ukae nyuma ya ile cherehani mbovu iliyolala hapa pembeni ya kibaraza, na kwa kuwa ulikaa pale karibu miaka mitatu, nimeona mambo ambayo hakuna mwalimu wako aliyeyaona.

Niliiona Sindano, hiyo kodi yako ya chesi, inazaliwa. Wewe ndiye uliyeipa jina hilo, ukasema ni ndogo na inachoma, ingawa mwanzoni haikuchoma mtu. Ilijua sheria za mchezo, basi. Mfalme wake ilikuwa inamtoa matembezini katikati ya vita. Massawe alikuja kila mchana na chapati yake mkononi, anaifunga Sindano, anakwenda kutamba kwa wateja. Mimi ni mtu wa drafti, ya vizibo vya soda, lakini nilijifunza hiyo chesi yenu ili nijue ni kitu gani kimemchukua mwanangu.

Siku moja uliniuliza, "Baba, ukicheza drafti unajuaje kuwa unashinda kabla hujashinda?"

Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, nikakujibu bila hata kukuangalia: mwenzangu anapoanza kukosa pa kwenda. Ukachukua chaki yangu, ukaandika kwenye meza yangu ya kukatia, herufi kubwa: PUMZI. Tangu siku ile Sindano ikawa inahesabu kila upande una njia ngapi za kupitia, nani anapumua na nani amebanwa. Wiki haikuisha, Massawe akaacha kuja na chapati. Ile chaki sikuifuta mpaka ilipofutika yenyewe, na sikukwambia kwa nini.

Halafu kukaja ule ugonjwa wa malkia. Sindano ilikuwa inamtuma malkia wake akamle askari mmoja wa kando, inafurahi, kisha malkia analiwa. Kila mchezo. Ulikaa na tatizo lile mpaka ukakonda, mama yako akaanza kuniuliza kama una mtu anakusumbua. Massawe akakwambia jibu lipo mtandaoni, ni dakika tano tu. Ukakataa.

Unaukumbuka ugomvi wa mkokoteni? Jamaa kaziba njia na mkokoteni wake wa maturubai, mwenye duka akatoka, wakatukanana, mwenye duka akamzaba jamaa kibao. Mteja wangu mmoja aliyekuwa anasubiri suruali akasema, "Huyu kashinda," akachukua suruali yake akaenda zake. Sisi tulibaki, tukaona kilichofuata. Yule aliyezaba kibao alikula za kutosha, mpaka kandambili yake ikaokotwa upande wa pili wa barabara. Watu wote walikuwa wanacheka, wewe umesimama umeduwaa.

"Baba," ukaniambia, "Sindano inaondoka katikati ya ugomvi."

Nikakuuliza una maana gani. Ukasema inatazama hatua tatu mbele, na hatua ya tatu ikiwa ni kibao, inahesabu ushindi na kuondoka, haisubiri kuona wa pili atajibu nini. Ukarudi nyuma ya cherehani mbovu ukaifundisha isiondoke mpaka ugomvi uishe. Nilikutazama ukiandika, ulimi umeuuma kwa pembeni kama bibi yako, yule mama yangu ambaye una jina lake. Nilijisikia fahari, mama, na pamoja na fahari nilijisikia wivu. Nakuomba unisamehe huo wivu. Nitakueleza ulikotoka.

Likaja tangazo la ufadhili, watu wanataka kuona kazi ya kompyuta aliyoifanya mwombaji mwenyewe. Massawe akanijia. "Fundi, binti anajichosha bure. Anachukua kodi ya watu yenye nguvu, anabadilisha jina, kazi imekwisha." Yeye alisema kwa nia njema, ni mtu wa biashara, bidhaa ikishatengenezwa haoni sababu ya kuitengeneza tena. Mwenye kosa ni mimi niliyeibeba ile kauli nikaileta mezani kwako siku tatu mfululizo. Nakili, Mwanaidi. Acha ubishi, nakili. Na siku ya tatu nikasema lile neno ambalo nimelijutia kila siku tangu hapo: "Unataka kutuonesha una akili kuliko dunia nzima?"

Hukunijibu vibaya, hujawahi. Ulichukua kipande kikubwa cha kodi ya watu ukakitia ndani ya Sindano. Ikawa kali kweli. Massawe hakufika hata katikati ya mchezo. Wote tulipiga makofi isipokuwa wewe, nami niliiona sura yako nikajifanya sikuiona.

Ya ndani ya usaili ulinisimulia mwenyewe, mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Kwamba yule mama mwenye miwani alishusha maandishi kwenye kioo cha kompyuta, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akauliza, "Namba hii ni ya kazi gani, na kwa nini iwe hii?" Na wewe ukasema, "Sijui. Nimeichukua kwa mtu." Ukaomba ruhusa uwaoneshe Sindano ya zamani. Wakaichezesha na ya kwao, ikafungwa mechi zote, na wewe umesimama pale unawaeleza kila kosa imelifanya kwa sababu gani, pumzi ni nini, ugomvi wa mkokoteni ulikuwaje. Wakacheka, wakauliza maswali mengine, wakakupa nafasi.

Mimi ningekuwa wewe ningedanganya. Ningetunga jibu pale pale, mdomo ninao. Ule ujasiri wa kusema sijui mbele ya watu walioshika maisha yako mkononi hukuupata kwangu. Nimeshona suti za mawaziri wadogo na wachungaji, sijawahi kujivunia kitu kama hilo "sijui" lako. Nilitakiwa kukwambia siku ile ile. Badala yake nilikanyaga cherehani.

Sasa sikiliza kitu ambacho hukijui, na mama yako anakijua nusu.

Mtaa mzima unaniita Fotokopi. Leta nguo yoyote, kesho kutwa unachukua mbili zinazofanana mpaka kwenye vifungo. Wewe umekua ukilisikia jina hilo, unadhani nimezaliwa nalo. Hapana. Nilipofika mjini kutoka Masasi nilikuwa na kiburi kukuzidi wewe mara mbili. Fundi aliyenipokea, marehemu mzee Bakari, alikuwa na chumba chake cha kushonea mtaa wa Gerezani. Alikuwa ananunua makoti ya mtumba Mchikichini, anawagawia wanafunzi wake nyembe, anawaambia fumueni mjifunze. Wenzangu walifumua. Mimi nilikataa. Nikamwambia fundi wa kweli anakata kutoka kichwani. Mzee Bakari alinitazama, akasema, "Haya, bwana kichwa," akaniachia.

Nikakata kutoka kichwani miaka minne. Suruali zilikuwa sawa. Makoti yalikuwa yanapendeza mtu akisimama. Halafu nikapata bwana harusi mmoja wa Ilala, mtu wa heshima, anataka suti. Nikawaza, mkono unahitaji nafasi ya kutembea, basi tundu la kwapa nilikate kubwa, tena kubwa sana, mtu ajisikie huru. Ukilisikia hivyo lina akili, si ndiyo?

Nilialikwa harusini, meza ya nyuma. Ukafika wakati wa kulishana keki. Bwana harusi akachukua kipande, akainua mkono kumpelekea bibi harusi mdomoni, na koti zima likapanda naye. Kola ikafika masikioni. Akashusha mkono, akajivuta chini, akajaribu tena, likapanda tena, na safari hii mshono wa begani ukalia mpaka meza za mbele wakasikia. Mshereheshaji na kipaza sauti chake akasema, "Tunaomba keki imfuate bwana harusi." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mimi niliinamia sahani yangu ya pilau nikatamani niingie ndani yake.

Kesho yake nilikwenda Mchikichini peke yangu, nikachagua koti moja la kijivu lililochoka lakini lenye bega zuri, nikanunua wembe. Nikalifumua kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, uzi kwa uzi. Nilipofika kwenye kwapa nikasimama. Tundu lilikuwa dogo. Dogo, na limepandishwa juu kabisa, karibu na mwili. Nikalipima kwa futi kamba mara tatu nikidhani nimekosea. Halafu nikaelewa. Tundu likiwa dogo na likakaa juu, koti linabaki mahali pake na mkono unaondoka peke yake. Likiwa kubwa, mkono hauwezi kwenda popote bila kulibeba koti zima.

Nililia, mama. Si kwa ile aibu, aibu ilikuwa imeshapita na wali wake. Nililia kwa sababu lilikuwa jambo zuri sana, na mtu nisiyemjua, labda amekufa zamani, alikuwa amelishonea mle ndani, na miaka minne mimi nilikuwa napita Mchikichini kila siku bila kufungua.

Hapo ningesimama ningekuwa fundi mkubwa. Sikusimama. Niliogopa. Nikakiona kichwa changu hakina maana, nikakifunga. Tangu siku ile nikawa nafumua kila kitu na kunakili kila kitu, wembe unafanya kazi na mimi nimelala. Mteja akija akaniambia, fundi, nishonee kitu ambacho hakuna aliyekivaa, najibu, "Una sampuli?" Umenisikia nikisema hivyo tangu unatambaa. Una sampuli, una sampuli. Niliwalisha kwa neno hilo na silitukani. Lakini nilipokuona unaandika PUMZI kwenye meza yangu, bila sampuli, nilimwona yule bwana kichwa wa Gerezani, na nikajua kwamba nilimuua kwa woga wala hakustahili kufa. Ndio wivu niliokutajia.

Na sasa ndiyo naogopa kiapo chako, kwa sababu nakijua. Niliwahi kukiapa kwa mzee Bakari, siku niliyokataa wembe.

Nimefikiri sana juu ya lile koti la kijivu. Wenzangu pale kwa mzee Bakari walikuwa wameshafumua makoti mengi kabla yangu, kwapa ni lile lile, na hakuna hata mmoja aliyeliona. Walilitandaza kwenye kaki, wakachora pembeni yake, wakaendelea. Mimi nililiona kwa sababu nilikuwa nimeshakata kubwa na kubwa ikaniumbua mbele ya watu. Nilikwenda Mchikichini na swali. Bila yule bwana harusi, koti lile lingekuwa matambara mbele yangu pia. Kwa hiyo ubishi wako wa miaka mitatu haukuwa upotevu, mama. Ulikuwa unakata kwapa zako mwenyewe. Mimi ndiye niliyekatiza, nikakupa koti lililokwishafungwa nikakwambia vaa.

Nilikwambia nakili. Sikukwambia fumua. Kwenye ulimi wangu mvivu yalikuwa neno moja. Anayenakili anaishia kwenye sura ya nje, na akiulizwa namba hii ya kazi gani anabaki anatoa macho. Anayefumua anakata uzi mmoja, anasimama, anamuuliza yule aliyeushona, wewe hapa ulikuwa unahangaika na nini? Na huwezi kumuuliza kama wewe mwenyewe hujawahi kuhangaika.

Uliniambia juzi juzi, kwa unyonge, "Baba, kumbe pumzi wameshaijua zamani, ina hadi jina lake la Kizungu." Nikaona umevunjika moyo, kama umekamatwa na kitu cha watu. Mimi nilifurahi nikashindwa kusema. Mtu wa mbali, mwenye vitabu na mashine nzuri, alifika mahali, na wewe umefika mahali hapo hapo ukitokea kibarazani kwangu na kipande cha chaki. Siku utakayofungua kodi yake utaikuta pumzi humo, na utaijua hata kama imevaa jina jingine. Pengine utaona yeye kaikata ndogo pale ulipokata kubwa. Nataka siku hiyo uwe na wembe mkononi, mwanangu. Usinyimwe siku hiyo kwa sababu ya mdomo wa baba yako.

Ulipoapa uliapa juu ya maneno yangu. Nayaondoa maneno yangu. Ile ya akili kuliko dunia nzima, naifuta, na nakuomba radhi. Samahani, mama. Kiapo nakuachia mwenyewe uamue, maana mimi nimeshakuamulia vya kutosha.

Koti liko juu ya begi lako, hii barua nitaitia mfukoni mwake uisome leo leo ukirudi. Usiulize nimenakili wapi. Halina sampuli. Nimelikata kutoka kichwani, la kwanza tangu yule bwana harusi, na mkasi niliuinua nikauweka chini mara nyingi mpaka mama yako akaniuliza kama naumwa. Rangi ni ile ya bluu uliyoipenda dukani lakini ukasema ni ya wazee. Kwapa nimelipandisha, hilo nimejifunza. Bega la kushoto nimelijaribia jambo langu, sijaliona popote, wala sijui kama ni akili au ni ujinga. Linanisumbua. Kwa hiyo bitana ya upande huo sikuipiga cherehani, nimeishika kwa bandi tu, mshono wa mkono, uzi mwekundu ili usipotee. Mfukoni kuna wembe umefungwa kwenye kaki, angalia usijikate. Mbeya wanasema kuna baridi, livae njiani. Ukishazoea huko na ukapata blanketi la maana, kaa nalo, fumua bega, uniandikie nimekosea wapi.

Kesho stendi, kabla hujaingia ndani, simama mlangoni mwa basi unipungie kwa mkono wa kushoto. Uinue mpaka juu kabisa. Mama yako atakuwa analia. Mimi nitakuwa naangalia kola.

Baba yako,
Fundi Athumani